Nilivyokwenda Ureno Kumwona Mkabaji Wetu

Wanakwaya wenzangu wa Nyabiyonza, tangu nirudi kila mazoezi yanageuka baraza. Sauti ya pili wanauliza nilikula nini, sauti ya kwanza wanauliza kama ni kweli ngazi za huko zinatembea zenyewe, na mwalimu wetu amekaa na kinanda chake hana wa kumwimbia. Basi nimeandika. Someni, mpokezane, halafu tuimbe.

Ya pasipoti na viza siyasimulii, maana hata mimi mwenyewe sikuyaelewa. Naanzia pale safari ilipoanzia kweli, jikoni kwa wifi yangu Levina.

Kibingo

Levina ni mjane wa marehemu kaka yangu, anakaa Kibingo, na Respi ni mwanawe wa pekee. Mnamkumbuka Respi. Ndiye yule aliyekuwa akipewa kazi ya kusimama njiani kuzuia ng'ombe wa majirani wasiingie kwenye migomba, naye akiisimamia huku anapiga danadana kwa mpira wa majani makavu. Alitoka hapa akaenda Mwanza, akatoka Mwanza akaenda Dar es Salaam, na kutoka Dar Wareno wakamchukua. Ndevu zenyewe bado hazijamwota za kueleweka.

Siku moja Levina alikuwa anachambua maharage, redio iko pembeni. Mtangazaji wa michezo, wale wanaosema kama wanafukuzwa na nyuki, akapaza sauti: "Kiungo mkabaji wa Kitanzania, Respicius, amefungiwa!" Yaliyofuata Levina hakuyasikia.

Wanaojua mpira wataniambia kwamba mkabaji ni mchezaji wa katikati anayewanyang'anya wapinzani mpira, na kufungiwa ni kukatazwa kucheza mechi kwa sababu ya kadi. Sawa. Lakini sisi lugha tuliyonyonya ni Kinyambo. Kiswahili tumekutana nacho shuleni na sokoni, na sokoni mkabaji ni mmoja tu: mwizi anayemshika mtu koo njiani. Na katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na kaburi lake. Kaka yangu alikabwa akitoka kuuza kahawa Kayanga. Walimwacha amelala kando ya barabara, wapita njia wakadhani ni mlevi, na alipotokea wa kumwinua alikuwa amekwisha. Tangu hapo Levina hakuwahi kulitamka neno lile.

Aliponipigia simu alisema tu, "Wifi, mwanangu amekuwa wale. Na wamemfunga."

Respi alipopiga, mambo yakazidi kuharibika. "Mama, ni mpira tu. Kukaba ndiyo kazi yangu."

"Kumbe unakiri!" akalia Levina, na simu akaiweka kwenye ungo wa maharage.

Ingekuwa maneno ya simu tu yangekwisha yenyewe. Lakini mkataba wa kijana ulikuwa unaelekea ukingoni, na klabu ilitaka aendelee. Respi akasema wazi kwamba bila radhi ya mama hasaini kitu. "Akisema nirudi, narudi kulima kahawa," aliniambia, na mimi namjua, hasemi jambo mara mbili. Akatuma tiketi ili mama aende kuona kwa macho yake. Levina ana presha, daktari akakataa. Ndipo macho yakahitajika mengine.

"Wewe mdomo wako haumwogopi mtu," Levina aliniambia. "Nenda ukaone. Ukikuta ni kazi ya kuumiza watu, mshike mkono urudi naye. Ukikuta ni kazi ya heshima, mpe hii."

Akanipa kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani ya harufu na kuianika, ikiwa imefungwa kwenye jani la mgomba. Mnajua maana yake. Mtu hapewi kahawa kutoka mkononi mwa mama halafu akaondoka bila omugisha, baraka yake. Kwa upande wangu nikaongeza kopo la senene, wale panzi wetu wa kukaanga, maana ulikuwa msimu wao na mimi siendi kwa watu mikono mitupu.

Kibingo hadi Kayanga

Bodaboda aliyenibeba anaitwa Byera. Ni kijana mwenye heshima, ila pikipiki yake haina heshima hata kidogo. Mlimani mnyororo ukakatika. Byera akaushika mkononi, akautazama, akasema, "Mama, tumefika."

"Tumefika wapi?"

"Tumefika mwisho wa huu mnyororo."

Nikamkaripia mpaka pumzi zikaniishia, halafu nikakaa juu ya begi langu. Kulikuwa na akina mama wanapalilia shamba la mtu hapo jirani, na mmoja wao, Mrundi kwa lafudhi yake, akatuletea ndizi za kuchoma, bado za moto. Akauliza naelekea wapi. Nikamwambia nakwenda Ureno kumwona mtoto wa kaka yangu, mcheza mpira.

Akaacha kutafuna. "Yule aliyefungwa? Pole sana, waitu. Tumeshamwombea."

Nilishindwa kuila ndizi ile. Neno lilikuwa limetembea kuliko sisi. Hapo mlimani nikaona kwamba hata Respi akiwa hana kosa, Levina ndiye anayekaa kifungo, kwa sababu kila anayemsalimia anampa pole. Byera alipopata mnyororo wa kuazima tuliingia Kayanga, stendi nzima imejaa watu na kelele, na mimi sikumsemesha mtu. Wanaonijua wataelewa hali hiyo ilikuwa ya hatari.

Kayanga hadi Bukoba

Gari la Bukoba halikuwa na visa, ila Bukoba yenyewe ilikuwa navyo. Wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, mvua inapiga, ndege ikaja ikazunguka juu yetu tukiisikia bila kuiona, ikarudi Mwanza. Abiria wote tukarudi nyumba za wageni kama wanafunzi waliofukuzwa ada.

Mezani nilikaa na mzee mmoja wa Tanga, mfanyabiashara, mpole sana, Kiswahili chake kinateleza. Nilipomweleza safari yangu akafurahi. "Hongera, mama! Na kijana ni kiungo?"

Nilikuwa nakula pilau. Nikatazama sahani. "Kiungo gani? Hii ina mdalasini, mimi sikuipika."

Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akapanga chumvi, glasi na vijiko juu ya meza, akanionyesha wanaoshambulia na wanaolinda, na katikati akaweka kijiti cha meno. "Huyu ndiye kiungo mkabaji. Mashabiki wengi hawamwoni. Lakini mwondoe," akakitoa kijiti, "wote hawa wamekwisha."

Nikamsikiliza kwa adabu, lakini moyoni nikasema huyu naye ni mtu wa redio. Levina alinituma nione, hakunituma nihadithiwe na vijiko.

Angani

Asubuhi wingu liliondoka. Ndege ilipoinuka nililiona ziwa lote na visiwa vyake, nikaona na mashamba yetu ya migomba upande wa pili, yameshikana kijani bila mpaka. Nimeishi ndani ya uzuri ule miaka yote nikidhani ni magugu ya kupalilia. Nikaimba pambio kimya kimya. Aliyekaa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Ngazi zinazotembea ni kweli, zipo. Nilikutana nazo kwenye uwanja mkubwa wa Waarabu tulipobadilisha ndege. Nilisimama mbele yake muda mrefu nikingoja zisimame nipande, watu wananipita. Mwishowe mama mmoja wa Kifilipino akanishika kiwiko bila kusema neno, akanirusha juu kama mzigo, na kule juu akaniachia na kunipungia mkono. Sikumwona tena, wala jina lake silijui, na namwombea mpaka leo.

Chakula cha ndege ni kidogo na kimefungwa kwa wivu mkubwa. Nilifungua kopo la senene nijisaidie. Jirani yangu mpya akahamia kiti kingine, nami nikapata pa kunyoosha miguu.

Mji wa Respi

Respi alikuwa ameniahidi kunipokea mwenyewe. Nilipotoka sikumwona. Badala yake alisimama mzungu mfupi, dereva wa klabu kama nilivyojua baadaye, ameshika karatasi yenye jina langu, ADVENTINA. Nilimuuliza Respi yuko wapi, kwa Kiswahili, kwa Kinyambo, na kwa Kiingereza changu cha darasa la saba. Akatabasamu, akabeba begi. Njia nzima nilitazama mashamba ya mizabibu na sikuyaona.

Tulifika nyumba ya mawe kwenye kimji chenye kengele. Mama mwenye nyumba, ambaye Respi amepanga kwake, anaitwa Dona Lurdes, mtu mzima wa rika langu, ana aproni na mikono ya kazi. Alinikumbatia. Nikapiga kifua changu, nikasema, "Respi? Respi?"

Uso wake ukang'aa. Akanyoosha kidole nje, akasema neno lao. Kwao linaandikwa *igreja*, lakini mimi sikuliandika, mimi nililisikia. Nilisikia: gereza.

"Gereza?" nikauliza.

"Igreja, igreja!" akaitikia kwa furaha, kichwa kinakwenda juu na chini.

Yamawe! Nikakaa ngazini. Kumbe Levina alisikia sawa. Kumbe mtoto alitudanganya, na mwanamke huyu anafurahia. Nilifikiria nitamwambia nini mamaye, nikafikiria na kaka yangu pale kando ya barabara, nikalia bila aibu. Dona Lurdes naye akaogopa. Akavua aproni, akanishika mkono, akaniongoza kwenye njia ya mawe kunituliza moyo kwa kunipeleka huko huko. Nilikwenda. Nilijiambia, kama ni gereza nitaingia, na kama ana njaa nina senene.

Tulisimama mbele ya mlango mkubwa wa mbao. Juu yake palikuwa na msalaba. Ndani watu wanaimba, vibaya kidogo, sauti ya tatu hawana kabisa. Na kwenye benchi la mwisho, katikati ya wazee wawili wa Kireno, ameinamisha kichwa, alikuwa Respi wetu.

Alinigeukia. Akasahau alipo. "Shikamoo, Shangazi!" akaita, kanisa zima likageuka.

"Marahaba," nikajibu kwa sauti ile ile, na padri akangoja tumalize.

Ilikuwa Jumapili, na timu ilikuwa imechelewa kurudi kutoka ugenini, ndiyo maana hakuja kunipokea. Kanisa letu la Kilutheri halipo mji ule, kwa hiyo anasali na Wakatoliki na kukaa nyuma. Baadaye aliniambia wapo wasomi wanaosema neno gereza tulilichukua kwa Wareno hao hao, zamani walipojenga ngome pwani na kuweka kanisa ndani, halafu ngome zikabaki za kufungia watu. Nikamwambia wasomi hao wangenitumia ujumbe mapema.

Mchana nilimtolea Dona Lurdes senene. Alipiga ishara ya msalaba. Kisha yeye akaniletea bakuli la konokono, wazima na nyumba zao, wamechemshwa kwa vitunguu saumu, na pini ya kuwatolea. Tukatazamana. Nikala konokono mmoja, akala senene mmoja. Akarudia senene. Mimi konokono sikurudia.

Uwanjani

Sasa nifike kwenye lililonipeleka, mechi ya wiki iliyofuata.

Nilidhani nimewahi kuona nyasi. Zile zilikuwa nyasi ambazo ng'ombe wetu wangeziota usingizini. Taa zilikuwa zinawaka mchana, na watu wamejaa kuzunguka, wazee, watoto, mabibi wamevaa skafu za klabu, wanaimba wote kwa pamoja bila mwalimu. Kifua changu kilikuwa kinatetemeka kwa ngoma zao. Nikajiona mdogo sana, na sikuchukia.

Kisha wachezaji wakatoka, na yule mwembamba mwenye namba sita mgongoni alikuwa mtoto niliyemwogesha kwenye karai.

Mwanzoni sikumwona akifanya lolote. Mpira ulikuwa mbele, yeye yuko katikati, anageuza shingo: kushoto, kulia, nyuma, tena kushoto. Nikafadhaika, nikasema wamemlipia tiketi shangazi aje kutazama mtu anayegeuza shingo. Halafu winga mmoja wa wapinzani, mkubwa kama mlango, akachukua mpira akaanza kukimbia. Na Respi hakumkimbilia. Alipiga hatua tatu, akasimama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mkubwa yule akaja mwenyewe mpaka pale pale, na mpira ukawa wa Respi.

Nikasimama. Nilikuwa nimewahi kuliona hilo! Ndivyo alivyokuwa anasimama kule Kibingo kwenye njia ya migomba. Ng'ombe hata hajaamua kukata kona, na mtoto ameshasimama kwenye kona. Levina alikuwa akisema, "Huyu mtoto anawasoma ng'ombe mawazo." Sasa alikuwa anawasoma wazungu mawazo, mbele ya mji mzima, na mji mzima ukawa unaliimba jina lake. Respi-sio, Respi-sio! Walikuwa wanalikata vibaya, lakini lilikuwa lake, alilopewa na kaka yangu.

Nililia tena. Dona Lurdes naye alilia, sijui kwa nini, nadhani kwa kunisindikiza.

Lakini sikuwa nimesahau nilichotumwa. Nikaanza kumtazama anapokaba, maana neno ni lile lile hata uwanjani. Mara nyingi alichukua mpira bila kumgusa mtu. Mara moja waligongana, yule mkubwa akaanguka chini vibaya. Mpira ulikuwa umeshakwenda mbele, wenzake wanamwita. Respi akarudi. Akamnyooshea mkono, akamwinua, akampangusa majani mgongoni, ndipo akakimbia. Dakika chache baadaye akaangusha mwingine, akarudi tena kumwinua. Kocha kule kando alikuwa anarusha mikono na kupiga kelele.

Baada ya mechi Respi alinipeleka kwa kocha, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Alizungumza kwa hasira kidogo, Respi anatafsiri huku ameinamisha macho.

"Anasema mimi ni kiungo mzuri, Shangazi, ila nina kasoro moja. Nampotezea muda kwa kuwainua watu. Anasema ameniambia msimu mzima."

"Na wewe unamjibuje?"

"Namjibu ndiyo, kocha." Akatabasamu kidogo. "Halafu nawainua."

Sikumuuliza sababu. Nilifungua mkoba, nikatoa kifurushi cha jani la mgomba. Alipokiona tu akapiga goti, pale pale kwenye sakafu ya saruji, na kocha akaacha kusema. Respi alichukua punje moja, akaigawa. Nusu moja akatafuna. Nusu ya pili akaifunga kwenye leso.

"Hii nitaila nikimsikia mwenyewe," alisema.

Kurudi

Ya kurudi ni machache. Ngazi nilizipanda mwenyewe, na nikamsaidia baba mmoja wa Kihindi aliyekuwa amesimama mbele yake. Bukoba jua lilikuwa kali. Byera alinisubiri Kayanga, ana mnyororo mpya, akataka kunieleza habari zake, nami nikamwambia aendeshe.

Levina alikuwa amekaa jikoni. Hakuniuliza hali ya safari. Alitazama mkoba wangu. "Kahawa iko wapi?"

"Kaipokea."

Akafunika uso kwa khanga, akakaa hivyo. Nikamsimulia yote, nyasi, taa, na wimbo wa jina la mwanawe. Nikamsimulia kanisa, akacheka machozi yakitoka. Nikamwambia anavyosimama kwenye kona kabla ya ng'ombe. Akaitikia kwa kichwa, hilo alilijua. Kisha akauliza lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni muda wote.

"Na wale anaowaangusha?"

"Anarudi kuwainua, wifi. Kocha anamgombeza, na bado anarudi kuwainua."

"Hawaachi chini?"

"Sijaona hata mmoja aliyeachwa chini."

Kuku aliingia jikoni, akatoka, hakuna aliyemfukuza. Halafu Levina akachukua simu, akapiga mwenyewe, akaiweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Niliona midomo yake ikilitafuta neno ambalo haikuwa imeligusa tangu tulipomzika kaka. "Nenda kakabe. Kaba, mwanangu, kaba sana. Na uwainue."

Kisha tukasikia, sisi wawili, kutoka kule Ureno, ile nusu ya kahawa ikivunjika kati ya meno yake.